Watu Wanapobanwa: Somo Kutoka kwa Wasanii wa Kongo



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi kati yenu mmelijua katika mwili kabla ya kulisoma kwenye karatasi: namna mtu anavyobadilika anapobanwa na mambo yanayotoka nje yake. Vita, kodi, kazi ya nguvu, kufukuzwa, njaa, kulala chini ya turubai, kungojea orodha isomwe. Hayo yote yanasukuma. Mtu aliyekuwa mkarimu anakuwa mchoyo. Mtoto aliyekuwa na haya anajifunza kudanganya. Na mara nyingine mama ambaye hakuwahi kusema neno mbele ya watu anasimama na kuongoza kundi zima. Mabadiliko hayaendi upande mmoja tu.

Tumechagua kulitazama jambo hili kwa kupitia kazi za wasanii, karibu wote wa nchi yetu. Tunajua kuna watakaosema kwamba sanaa ni ya watu walioshiba. Sisi tunaona tofauti. Katika kambi, au katika jamaa iliyopokea wageni, ni vigumu kusema wazi juu ya mambo yetu wenyewe. Ukisema jirani yako amebadilika tangu mlipofika, umeanzisha ugomvi. Ukimtaja kijana fulani, wazazi wake wamekasirika. Lakini ukizungumza juu ya mtu aliye katika picha, kila mmoja anaweza kutoa maoni yake bila kunyoosha kidole, na kila mmoja anasikia kinachomhusu. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo kwa hadithi za sungura na chui.

Somo lisomwe kwa sauti, katika kikundi cha watu 10 hadi 15, wamama na wababa pamoja na vijana. Mnapofika kwenye maswali, simameni. Halikuandikwa limalizwe siku moja.

Lubumbashi: wafu wamesimama kati ya vyuma

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Ni mpiga picha. Kati ya mwaka 2004 na 2006 alitengeneza mfululizo wa picha alizoziita Mémoire, yaani Kumbukumbu. Alikwenda kwenye viwanda vya zamani vya Gécamines, vilivyosimama, mabati yameanguka, mashine zimeota kutu, akavipiga picha za rangi. Kisha alichukua picha za kale za wakati wa ukoloni, za rangi nyeusi na nyeupe, zilizoonyesha wafanyakazi Weusi wamesimama kwenye mistari na wakubwa Wazungu wenye makofia. Akawakata watu wale kutoka kwenye picha za kale na kuwasimamisha ndani ya picha mpya. Basi ukitazama unaona magofu ya leo, na katikati yake babu zetu wanakutazama machoni. Mwaka 2007 picha hizo zilipewa zawadi katika maonyesho makubwa ya picha ya Bamako, kule Mali.

Picha hizo hazina maneno. Kuzielewa kunadai kujua historia yake, na historia hiyo ni nusu ya somo letu, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitafuta watu kwa nguvu, iliwatumikisha kwa muda mfupi, nao walikufa wengi kwa magonjwa na kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa yake. Iliona ni faida kuwa na mfanyakazi anayekaa. Ikawaruhusu wanaume kuja na wake zao, ikawajengea nyumba, ikagawa posho kila juma, ikafungua vituo vya kuzalisha na mashule. Nani asingefurahi? Lakini pamoja na posho alikuja mkaguzi. Kampuni iliingilia mpaka namna mama alivyopika na kulea mtoto wake. Mfanyakazi mwema alikuwa yule asiyeuliza. Mnamo Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi kule Élisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo.

Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Desturi ile iliendelea: nyumba, unga, dawa, masomo ya watoto, vyote vilitoka kwenye kampuni. Miaka 40, miaka 50, vizazi viwili au vitatu. Watu wakazoea kuiita baba yao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalosema kwamba wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Jina hilo halikutungwa ovyo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka uliofuata kukawa na uporaji wa miji, na kufika mwaka 1993 kampuni haikufikisha hata tani 50.000. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Hapo katikati ndipo lilipotokea jambo tunalotaka mlitazame kwa makini. Watu wengi wa Kasayi walikuwa wameletwa Katanga na kampuni na reli tangu zamani za Wabelgiji. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa pale, wakaoa na kuolewa pale. Shaba ilipopungua na vyeo vya siasa vikawa vya kugombaniwa, wanasiasa walianza kusema kwamba Mkasayi ndiye aliyekula kazi ya mwenye nchi. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Katika miaka ya 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Walikaa wiki na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea gari la moshi la kuwapeleka katika jimbo ambalo wengine wao hawakuwahi kuliona. Wengi walikufa pale na njiani.

Waliofukuza walikuwa nani? Hawakutoka mbali. Walikuwa watu wa avenue moja, wa mgodi mmoja, wa kanisa moja. Wao nao walikuwa wamebanwa: posho imekatika, watoto wamerudishwa kutoka shuleni, baba mlezi amekufa. Kule kubanwa kulikuwa kwa kweli. Lakini kuna mtu aliyewaelekeza kidole, akawaambia aliyekubana ni huyu hapa mlango wa pili. Na katika miji ile ile, katika siku zile zile, walikuwako waliomficha jirani nyumbani mwao au kumtunzia vyombo vyake. Njaa ilikuwa ile ile kwa wote. Hilo ndilo linalotufanya tusikubali haraka neno linalosemwa sana katika kambi zetu, kwamba hali ndiyo iliyonifanya hivi. Hali inabana, lakini haichagui adui kwa niaba ya mtu.

Baloji mwenyewe katika picha zile hasemi lolote juu ya Wakasayi. Sisi ndio tunaoongeza habari hiyo, kwa sababu magofu yale ndiyo yaliyokuwa chanzo cha mkate wa watu wote wale.

Simameni hapa. Mzungumze: mlipokuwa nyumbani, nani aligawa posho katika maisha yenu, yaani mlitegemea nani au kitu gani kwa kula? Leo mnategemea nani? Je, kuna jambo mlilokuwa mnalijua kufanya wenyewe, ambalo siku hizi mnangoja mtu mwingine alifanye? Kisha swali gumu zaidi: msaada unapopungua, ni watu gani wanaanza kutajwa kuwa ndio wanaoumaliza? Nani huanza kuwataja?

Mchoraji aliyeeleza kwa Kiswahili

Kabla ya Baloji, katika mji ule ule, alikuwako mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga na kuuza picha zake kwa bei ndogo ili apate kula. Picha iliyonunuliwa sana wakati ule ni ile iliyoitwa Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga fimbo, Mzungu anasimama kando. Watu waliitundika sebuleni, penye viti vya wageni.

Fikirini jambo hilo. Kwa nini mtu aliyepata nyumba na kiti kizuri atundike ukutani picha ya kupigwa kwa baba yake? Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia yote ya nchi, picha zipatazo 100, akamweleza mtafiti Johannes Fabian kila picha moja moja, kwa Kiswahili cha Katanga. Picha nyingi za mfululizo huo ziko Amsterdam leo. Tunazitaja kwa sababu moja: ni ushahidi kwamba kueleza historia nzito kwa lugha yetu ya kila siku kunawezekana, na mtu asiye na diploma kubwa anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri.

Lusanga: sanamu ya mtu aliyeuawa

Sasa twende Kwilu, mbali na Kivu. Mwaka 1911 mfanyabiashara Mwingereza William Lever alipatana na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa penye michikichi. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na kituo chake kikubwa kikapewa jina lake: Leverville. Leo ni Lusanga. Mafuta yale yalitengeneza sabuni ya Ulaya. Watu wa pale, Wapende pamoja na wengine, walipanda michikichi mirefu kukata vichane kwa malipo madogo, na wasiotaka walilazimishwa.

Bei ya mafuta ilipoanguka duniani karibu na mwaka 1930, malipo ya mkata vichane yalipunguzwa. Kodi haikupunguzwa. Mwaka 1931 Wapende walikataa. Katika vurugu zile aliuawa afisa mmoja Mbelgiji, Maximilien Balot. Jeshi la ukoloni lilijibu kwa kuua Wapende zaidi ya 500. Hatusomi habari hii ili kusifu kuuawa kwa mtu yeyote. Tunaisoma kwa sababu ya kile kilichofuata.

Mchongaji wa Kipende alichonga sanamu ya mti ya Balot yule yule. Watu wa Lusanga wanasimulia kwamba ilichongwa ili roho ya marehemu ifungwe ndani yake, isiwarudie watu kwa hasira, nayo nguvu yake iwafanyie kazi wale waliokuwa wameteswa. Mtu anaweza kuwa Mkristo au Mwislamu na asiikubali imani hiyo. Lakini atazame kazi iliyofanywa: watu walioua na walioonewa, wenye hofu na wafiwa, waliona kwamba jambo lile lisipopewa mahali pa kukaa litazunguka kijijini. Wakalipa umbo. Sisi tunaofanya kazi ya mapatano tunakutana na jambo hilo kila siku. Mauaji ya mwaka fulani hayakuzungumzwa, hayakupewa mahali, na baada ya miaka 20 vijana ambao hawakuwepo wanayapigania.

Mwaka 1972 sanamu hiyo ilinunuliwa na mtafiti mmoja Mmarekani, baadaye ikawekwa katika makumbusho ya jimbo la Virginia. Wajukuu wa wale waliokata vichane hawakuwa nayo tena.

Mwaka 2014 wakulima wa mashamba yale waliunda chama cha sanaa kinachojulikana kwa herufi CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa pale kwao: mtu anayeonewa, mwanamke aliyebeba mzigo, mnunuzi aliyetunisha tumbo. Sanamu hizo hupimwa kwa kompyuta na kumwagwa upya huko Amsterdam kwa chokoleti, yaani kwa kakao na mafuta ya mawese, vitu vile vile vilivyowachosha babu zao bila kuwatajirisha. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York. Feza zilizopatikana ziliwasaidia kununua tena ardhi, zaidi ya hekta 100, ambako badala ya mchikichi peke yake wanapanda pia chakula na miti mingine. Mwaka 2024 walionyesha kazi zao katika jumba la Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice, na katika miezi ile ile sanamu ya Balot ilirudi Lusanga kwa mkopo. Wazee waliiona kwa macho yao.

Wako wanaouliza maswali juu ya mpango huo. Ulianza na msanii Mzungu wa Uholanzi, na soko la sanaa ni la matajiri. Kwa nini mkulima auze mateso yake kwa chokoleti ndipo apate shamba la babu yake? Nasi tunaona swali hilo ni halali, wala hatudhani limejibiwa. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo haliwezi kupuuzwa: ardhi imerudi, na inalimwa.

Simameni tena. Je, kuna tukio katika kijiji chenu ambalo halina mahali pa kukaa? Hatuwaombi mlisimulie katika kikundi. Mlitambue tu moyoni, kisha mzungumze jinsi wazee wa kwenu walivyokuwa wakifanya zamani baada ya damu kumwagika: nani aliitwa, kitu gani kilizikwa au kupandwa, chakula gani kililiwa pamoja. Wazee waanze, vijana wasikilize. Kama wako watu wa makabila mawili au zaidi, kila upande ueleze desturi yake.

Chuma cha vita na ngozi ya simu

Freddy Tsimba ni mchonga chuma wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1967. Anaokota maganda ya risasi katika maeneo yaliyopigwa vita, na vijiko, na mapanga, anayaunganisha kwa moto. Anatengeneza wanawake wenye mimba, watu wanaokimbia, watu walioegemea ukuta. Mara nyingi hawana uso. Mmoja wa wanawake hao, aliyetengenezwa kwa maganda ya risasi, alisimamishwa Paris mwaka 2018, katika jumba la Chaillot, mahali ambapo mwaka 1948 mataifa yalikubaliana juu ya haki za binadamu. Alijenga pia nyumba kwa mapanga 999.

Nyumba hiyo ya mapanga inaleta mabishano mazuri katika vikundi. Wengine husema inatisha, nani anaweza kulala humo. Wengine hujibu kwamba panga ni chombo cha mkulima, ndilo tulilofyekea shamba la maharagwe kabla ya mtu kulitumia vibaya. Sisi hatuamui nani ana haki. Panga lile lile, mkono ule ule. Kitu gani kilibadilika katikati?

Eddy Kamuanga Ilunga, kijana wa Kinshasa aliyezaliwa mwaka 1991, anachora watu waliovaa vitenge vizuri vyenye rangi kali, wamesimama kwa heshima kama watu wa zamani. Mara nyingi anafikiria Wamangbetu wa kaskazini-mashariki. Lakini ngozi yao si ngozi. Ukikaribia unaona mistari ya vyuma vidogo kama ile iliyo ndani ya simu na kompyuta. Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa mengi hapa: koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, ndiyo inayotoa chuma kinachowekwa ndani ya vyombo hivyo. Mchoraji anasema kwa rangi kwamba biashara ya mbali imeingia mpaka ndani ya ngozi ya mtu, na hali kwa nje kitenge bado ni kizuri. Wengi wetu tumeona kijana aliyerudi kutoka machimboni na simu mpya, salamu zimebadilika, hata jina lake limebadilika.

Wanapotutazama wengine

Mwaka 2012 msanii wa Ireland, Richard Mosse, alikuja Kivu na filamu ya aina ya pekee iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya majeshi, ili kugundua adui aliyejificha chini ya majani. Filamu hiyo hugeuza rangi ya majani mabichi kuwa ya waridi. Vilima vyetu vyenye majani vikatoka vya waridi, na katikati yake wakaonekana wapiganaji na kambi za wahamiaji. Mwaka 2013 kazi yake ilionyeshwa Venice na ikasifiwa sana. Alisema anataka kuonyesha vita ambavyo macho ya dunia yamezoea kutoviona.

Maoni yetu ni kwamba picha zile ni nzuri kupita kiasi. Mtu anaweza kuzitazama kwa saa nzima asijue hata jina la kilima kimoja. Lakini tunazileta hapa kwa sababu nyingine. Kutazamwa nako ni kubanwa. Jamaa inayohojiwa mara kumi na mashirika kumi, na sisi tumo katika mashirika hayo, inajifunza upesi ni hadithi gani inayoleta jetoni. Inajifunza kulia penye swali la tatu. Baba aliyekuwa fundi seremala hasemi tena kwamba ni seremala, anasema ni mhamiaji. Neno hilo linamlisha, ndiyo. Miaka inapita, watoto wake nao wakiulizwa baba yenu ni nani, wanajibu kwa neno hilo hilo. Tunawaomba viongozi wa kamati walifikirie jambo hili kila wanapoandika orodha: pembeni ya jina, pamoja na idadi ya watoto, pawe na nafasi ya kuandika kazi ambayo mtu anaijua.

Na viongozi wenyewe? Tungekosa tukiwaacha. Mtu anayeshika orodha anabanwa kuliko wote: ndugu zake wanamjia usiku, wenye bunduki wanamjia mchana, mashirika yanataka hesabu sahihi kesho asubuhi. Wako walioanza kazi hiyo kwa moyo safi, na baada ya mwaka mmoja hawalali tena bila kufunga mlango mara mbili. Si kila mara ni wizi. Mara nyingi ni uchovu wa kukataa. Kamati ambazo zimedumu kwa amani, tulizozijua sisi, zilikuwa na desturi ndogo kama kusoma orodha hadharani mchana, au kumbadilisha mshika orodha kila baada ya miezi michache kabla hajachoka.

Mwanzo wa mwaka 2025, baada ya mji wa Goma kuchukuliwa na M23 mwezi wa Januari, kambi kubwa za kandokando ya mji zilivunjwa mnamo Februari. Watu waliokuwa wameishi pale miaka miwili au zaidi walibeba mabati na miti yao mgongoni, wengine kwenye chukudu. Wako waliokuta shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Wako waliokuta kwamba mtoto aliyeondoka akijua kuchunga ng'ombe amerudi akijua kuuza makala na kadi za simu, wala hataki kurudi malishoni. Hatusemi ni vibaya. Tunasema kwamba yule aliyebaki na yule aliyerudi wamebadilika wote wawili, kila mmoja kwa shinikizo lake, na wakikutana kwenye mpaka wa shamba kila mmoja anamtafuta mtu wa zamani ambaye hayupo. Kesi nyingi za ardhi zinazoletwa kwa wazee na kwa mwami huanza hapo, kabla ya jembe kuguswa.

Zoezi la kikundi

Zoezi hili linataka udongo, makaa na vipande vya katoni tu. Kila mtu achore au afinyange vitu viwili. Cha kwanza ni kitu alichokijua kukifanya nyumbani kabla ya kuhama: kusuka kikapu, kukama, kupika sombe ya sherehe, kusuluhisha ugomvi wa ndugu. Cha pili ni kitu alichojifunza tangu alipohama, kizuri au kibaya. Asiyejua kuchora achague kitu chochote kilicho karibu, jiwe, kizibo, kipande cha turubai, kisimame badala yake. Wazee wasiojiona kuwa wachoraji ndio mara nyingi hutoa kazi za kushangaza zaidi.

Kisha vitu vyote viwekwe chini katikati, bila majina. Watu wavizunguke kwa dakika chache wakiwa kimya. Baada ya hapo kila mmoja achague kitu ambacho si chake, aseme anaona nini ndani yake. Mwenye kitu ana ruhusa ya kunyamaza au ya kujitambulisha, asilazimishwe. Mwongozaji asiulize kabila la mtu, wala jina la kundi lenye silaha, wala nani alimfanyia nani nini. Mtu akianza kulia, mama mmoja aliyechaguliwa mapema atoke naye kando, wengine waendelee polepole.

Mkiwa mmepokelewa katika kijiji cha wengine, waalikeni wenyeji wawili au watatu, nao walete vitu vyao viwili: kimoja cha kabla ya ninyi kufika, kimoja cha baada yake. Wenyeji nao wamebanwa. Wamegawa kisima, shamba, shule na kuni, na ni mara chache mtu huwauliza wamebadilika vipi.

Vitu visipigwe picha, hata na wafanyakazi wa shirika letu. Zoezi likiisha, kila mtu achukue chake, akitunze au akivunje anavyotaka. Vile ambavyo havikuchukuliwa vibaki na mwongozaji mpaka mkutano unaofuata, kwa maana mara nyingi mwenyewe huja kukitafuta kitu chake baada ya siku mbili au tatu, jioni, akiwa peke yake.